Gesi, ayoni na shinikizo: ulizeni kwanza kinachong'oa elektroni ni nini

Wadogo zangu mnaoanza fizikia ya plazma (gesi yenye ayoni na elektroni huru) hapa Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mkiulizwa gesi hugeukaje kuwa ayoni, yaani atomi zilizopoteza elektroni, msikimbilie fomula. Ulizeni kwanza: kinachong'oa elektroni ni joto au umeme? Majibu huachana hapo.

Tuanze na joto. Haidrojeni hudai elektronivolti 13.6 (kipimo cha nishati ya chembe) ndipo iachie elektroni yake. Nishati ya joto ya chembe moja chumbani ni kama 0.025 tu, na hata kwenye kelvini 10,000 haifiki 1. Mgeni atasema basi, haiwezekani. Lakini daima zipo chembe chache zenye kasi kupita wenzake, na elektroni ikishatoka ina nafasi nyingi mno za kuzurura. Ndiyo maana kwenye angahewa jembamba la nyota, kama nusu ya atomi za haidrojeni huwa zimevunjika, yaani zimepoteza elektroni, halijoto ikikaribia kelvini 10,000. Mwanafizikia Meghnad Saha aliandika mlinganyo wa sehemu ya atomi zinazovunjika hivyo mwaka 1920, na kufikia 1925 mwanaastronomia Cecilia Payne alikuwa ameutumia kuonyesha kwamba nyota ni haidrojeni kwa wingi.

Shinikizo ndilo hunasa wengi. Halijoto ibaki palepale, kisha gesi iliyovunjika kidogo tu iongezewe shinikizo mara 100. Sehemu ya atomi zilizovunjika itapungua mara 10, kwa kuwa elektroni hukutana na ayoni upesi na kurudiana. Ila idadi ya elektroni katika kila mita ya ujazo itaongezeka mara 10! Kwa hiyo anayesema "zimepungua" na anayesema "zimeongezeka" wote wanaweza kuwa sahihi. Semeni mnapima nini. (Ndani kabisa ya nyota atomi huvunjika kwa kubanwa kwenyewe. Hilo liacheni kwanza.)

Kwa umeme, elektroni huhitaji nafasi ya kuchukua mbio kabla ya kugonga atomi. Nairobi iko yapata mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo letu ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Pengo lilelile la hewa hapa hurusha cheche kwa volti ndogo zaidi. Vifaa vingi vya umeme mkubwa hukadiriwa kwa matumizi hadi mita 1,000 juu ya bahari, hivyo huku kwetu lazima hesabu irudiwe.

Lakini kupunguza hewa hakusaidii daima. Mwanafizikia Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba volti za kurusha cheche zina kikomo cha chini, kwa hewa kama 330. Mkizidi kuinyonya, elektroni hukosa atomi za kugonga na volti hupanda tena. Bomba la gesi likikataa kuwaka maabarani, angalieni mko upande gani wa kikomo hicho kabla ya kulaumu pampu.