Wasifu wa Mama Ambaye Hakuajiriwa: Namna ya Kuuandika

Huku kwetu Bungoma, magharibi mwa Kenya, mazishi mengi hufanyika Jumamosi, na mchapishaji wa programu, yaani kijitabu cha ratiba ya mazishi chenye wasifu wa marehemu, hutaka maandishi kufikia Jumatano jioni au, akikuhurumia, Alhamisi asubuhi. Katikati ya wiki hiyo familia ina harambee ya kuendesha, deni la mochari la kulipa, ng'ombe wa kutafuta, mahema na viti vya kukodi. Basi kazi ya kuandika wasifu wa marehemu humwangukia mtoto aliyesoma kuliko wenzake, ambaye mara nyingi ndiye pia aliyekaa mbali na nyumbani kwa miaka mingi zaidi. Marehemu akiwa alikuwa mwalimu au karani, hana taabu, kwa kuwa vyeti vipo na barua za uhamisho zipo. Akiwa ni mama aliyeolewa mapema, akalima, akapika, akazaa na kulea, mwandishi hufika penye kichwa cha "Elimu" akaandika mstari mmoja, akafika penye "Kazi" akakwama, kisha akaliziba pengo kwa sifa: alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu. Sifa hizo huwa ni za kweli, lakini zingesomwa kwenye mazishi ya mama yeyote kutoka Malakisi hadi Webuye, na hakuna mwombolezaji ambaye angegundua kwamba karatasi zimebadilishwa.

Niliandika wasifu wa mama yetu mzazi, na baada ya hapo jamaa na majirani wakanijia wakiomba niwaandikie wa mama zao. Ushauri ninaowapa wote ni huu: andika kazi yake. Iandike kama kazi yoyote nyingine inavyoandikwa, yaani kwa vifaa vyake, misimu yake, ujuzi wake na mapato yake, na uache vichwa vile alivyokupa mchapishaji, ambavyo vilitungwa kwa ajili ya watu waliokuwa na mwajiri.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa mama kuliko kwa baba. Mzee aliyeheshimika wa Kibukusu, kabila la huku kwetu, huweza kufanyiwa kumuse, ambapo msemaji aliyerithi kazi hiyo hutembea mbele ya watu akisimulia historia ya ukoo, akiwafariji wafiwa na kuwaonya walio hai. Kwa desturi heshima hiyo ni ya wanaume wazee. Mama hana msemaji wa namna hiyo. Ana karatasi mtakayoisoma, na isipomweleza yeye hasa, hakuna mahali pengine ambapo ataelezwa. Na anayeona kwamba kulima na kupika si mambo ya kuandikwa katika programu na aisome Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, ambayo katika kueleza mchango wa mwanandoa haikomei kwenye fedha, bali inataja pia kazi za nyumbani na usimamizi wa nyumba, malezi ya watoto na kazi ya shambani. Ikiwa Bunge la Kenya liliona kwamba kazi hiyo ni mchango, mtoto aliyekula ugali wake hana sababu ya kuona haya kuitaja.

Swali la kwanza ni utawauliza akina nani. Watoto wanajua machache kuliko wanavyodhani, kwa sababu mtoto humjua mama yake kuanzia pale yeye mwenyewe alipopata akili, na miaka kumi au ishirini ya mwanzo humpita. Waulize wanawake waliolima naye, wanachama wenzake wa chama cha akiba, kina mama wa kanisani, mke mwenza kama yupo, na mashangazi, ambao kwake walikuwa mawifi na hivyo walimtazama kwa jicho kali tangu siku alipoletwa. Watu wa kwao, yaani wajomba zenu, msiwasahau hata kidogo. Hao ndio wanaojua alikuwa nani kabla hajawa mama wa fulani, na wakisikia wasifu unaoanzia siku ya ndoa watanung'unika, tena kwa haki.

Namna ya kuuliza nayo ina maana. Ukimuuliza jirani, "Mama alikuwa mtu wa aina gani?" utapewa mahubiri. Muulize juu ya kazi. Mimi nilimuuliza bibi mmoja aliyekuwa katika kundi lao la kulimiana kwa zamu ni nani aliyekuwa akitangulia shambani walipokuwa wakipalilia. Akacheka. "Mwanangu, mama yako hakuwa mtu wa kutangulia. Alikuwa akishika mstari wa mwisho kabisa, ili aone ni nani ameruka magugu. Ukiruka, anakuita kwa jina la baba yako, urudi." Kisha akaeleza kwamba zamu za kundi zima, nani amelimiwa na nani bado, nani alimtuma binti yake mdogo badala ya kuja mwenyewe na kwa hiyo anadaiwa nusu siku, zote zilikuwa kichwani mwa mama bila daftari. Kwa maneno hayo machache nilipata aya nzima, na hakuna hata mmoja kati yetu, watoto wake, aliyejua kwamba alikuwa msimamizi wa kundi lile.

Ukishapata mambo ya namna hiyo, yaeleze kwa ukaribu. Usiandike "alipenda kupika". Huenda hakupenda, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Eleza alichokijua. Mama yetu alikuwa akitengeneza munyu wa kienyeji: anakusanya maganda makavu ya maharagwe baada ya kupura, anayachoma mpaka yawe majivu, anayatia majivu hayo katika mkebe uliotobolewa matundu madogo chini na kutandikwa nyasi ndani, anauweka juu ya sufuria, halafu anamimina maji kidogo kidogo. Maji yanayodondoka huwa na rangi ya chai ya rangi, na matone machache tu hulainisha mrenda au kunde. Akizidisha, mboga inakuwa chungu; akipunguza, inabaki ngumu. Hakupimia kijiko. Alikuwa akichovya ncha ya kidole na kuilamba, kisha anaamua. Hali kadhalika mbegu: vibunzi bora vya mahindi vilichaguliwa wakati wa mavuno na kuning'inizwa juu ya meko ili moshi uwazuie wadudu, maharagwe ya kupanda yalichanganywa na majivu, na mbegu za mboga za kienyeji, yaani sagaa, mnavu na mito, zilifungwa katika vitambaa vyenye mafundo tofauti, kila fundo likijulikana kwake peke yake. Wakati wa kupanda ulipokaribia, wanawake walikuja kununua mbegu hizo kwa kijiko. Hiyo ilikuwa biashara, na katika wasifu tuliiita biashara.

Suala la fedha ndilo lililotuchukulia muda mrefu, na ndilo ninalowasihi watu wasiliruke. Katika maeneo yetu ya miwa, tangu kiwanda cha Nzoia kilipoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1970, mkataba wa miwa katika nyumba nyingi umekuwa kwa jina la baba, malipo kwa jina la baba, na risiti, kama ipo, kwa jina la baba. Ndizi, mboga, kuku na mbegu havina risiti. Ukitegemea nyaraka utaandika kwamba baba ndiye aliyesomesha watoto. Njia tuliyotumia ilikuwa kuwaketisha watoto wote pamoja na kupitia karo, mtoto baada ya mtoto, muhula baada ya muhula: ile ya muhula wa pili ilitoka wapi? Na sare? Na ile siku uliyorudishwa nyumbani, ulirudi shuleni na nini? Tulihofu kwamba baba angechukizwa na mazungumzo hayo, lakini yeye ndiye aliyeyanyoosha. Alisema, "Miwa inakaa shambani mwaka mmoja na nusu, wakati mwingine miwili. Katikati hapo mlidhani mnakula nini?" Akataja mwenyewe mtamba aliyenunuliwa kwa pesa za ndizi za soko la Chwele, na mtoto aliyelipiwa mtihani kwa kumuuza mtamba huyo. Katika nyumba zingine mzee hatakuwa mwepesi hivyo. Hapo tumia busara: andika alichokifanya mama bila kuandika kile ambacho baba hakukifanya.

Tarehe zitawasumbua. Mama wengi wa umri ule wana mwaka wa kuzaliwa uliokisiwa na karani wa vitambulisho, na haufai kuaminiwa bila kuhojiwa. Msaada upo katika matukio ambayo kila mzee anayakumbuka. Mauaji ya wafuasi wa Dini ya Msambwa, vuguvugu la kidini lililopinga ukoloni, pale Malakisi yalikuwa 1948. Uhuru ulikuwa Desemba 1963. Mzee Kenyatta alifariki Agosti 1978, na maziwa ya shule yakaanza mwaka uliofuata. Jaribio la mapinduzi lilikuwa Agosti 1982. Mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka nje yaliliwa kufuatia ukame wa 1984. Elimu ya msingi bila malipo ilirejeshwa Januari 2003. Kwa Wabukusu kuna kipimo kingine kizuri zaidi, kwa kuwa tohara hufanyika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na kila mwanamke anajua kaka yake yupi alitahiriwa yeye akiwa amefika wapi, na ni mwana gani aliyekuwa tumboni au mgongoni alipokuwa akikoroga busaa, pombe ya kienyeji, ya tohara ya shemeji. Majina nayo hudokeza msimu: Nafula kwa mvua, Nasimiyu kwa kiangazi, Nekesa kwa mavuno, Nanjala kwa njaa, ingawa lazima uulize kwanza kama jina halikurithiwa tu kutoka kwa nyanya. Mkikosa kuafikiana, andikeni "takriban" na kuendelea mbele.

Kuna jambo ambalo familia hugawanyika juu yake, nalo ni watoto waliokufa wachanga. Programu nyingi huandika kwamba marehemu "alijaliwa watoto saba", nao ni wale saba waliokua. Mimi naona kwamba waliozikwa nao waandikwe, kwa mpangilio wao wa kuzaliwa, na kwa majina yao kama walikuwa wameshapewa. Mama aliwabeba, aliwanyonyesha, na baadhi yao aliwapeleka zahanati kwa miguu usiku. Wazee wengine watasema kwamba si vizuri kuwataja wafu wadogo mbele ya watu. Msibishane nao kaburini. Jambo hilo liamuliwe mapema, siku mbili tatu kabla, na mashangazi wakiwemo, kwa maana wao ndio wanaokumbuka, na nimeona mara kadhaa mashangazi wakiwashawishi wazee haraka kuliko mtoto yeyote mwenye shahada. Waandikeni pia watoto wasiokuwa wake waliolelewa jikoni mwake, yatima wa shemeji na wajukuu walioachwa. Kuhusu ugomvi wa ndoa na wa mashamba, uacheni. Wasifu si baraza la chifu.

Picha ni shida ndogo kuliko watu wanavyoifanya. Badala ya kukuza ile ya kitambulisho mpaka uso upotee, tafuta picha za harusi na ubatizo za majirani, maana mara nyingi mama yuko nyuma pale, amebeba sufuria.

Lugha nayo iamuliwe mapema. Wasifu huandikwa kwa Kiingereza kwa sababu ya wageni kutoka Nairobi, na matokeo yake ni kwamba wanawake waliolima naye huketi chini ya hema wakisubiri wimbo. Andikeni kwa Kiswahili, na vipande ambavyo vina utamu wake katika Kibukusu viachwe katika Kibukusu. Msomaji awe mtu aliyeishi naye, hata kama ni mjukuu wa gredi ya nane, mradi afanye mazoezi kwa sauti siku iliyotangulia. Usomaji usizidi dakika kumi. Tena, hili mwambieni mfawidhi waziwazi: wasifu usomwe kabla wanasiasa hawajapewa kipaza sauti, kwa kuwa wakishakishika hamtajua watakiachilia saa ngapi, mvua ya alasiri huku kwetu haingoji mtu, na kitakachokatwa kwanza ni maisha ya mama.

Kama mama yako angali hai, kazi hii yote ni rahisi mara kumi. Usimwambie kwamba unataka historia yake. Atakataa au ataanza kuaga. Kaa naye akichambua mboga, uchambue pia, simu ikiwa imewashwa kunasa sauti naye akiwa amejua na kukubali, na umuulize juu ya shamba la Machi fulani au juu ya mtu aliyemfundisha kitu fulani. Sauti hizo zihifadhi mahali pawili au zaidi, kwa sababu simu huibwa na huanguka majini.

Kwa waliokwisha kuzika, wasifu uliosomwa usiuchukulie kuwa umekamilika. Siku zile ambazo watu bado wanakuja nyumbani baada ya mazishi ndizo ambazo masahihisho hutokea, kwa sababu waliosikiliza wamekumbuka mengine. Acheni nakala moja mezani pamoja na kalamu. Ya kwetu ilirudi ikiwa imeandikwa pembezoni na watu wengi: mjomba aliongeza majina ya dada wawili tuliowaacha, mama mmoja wa kanisani akasahihisha mwaka, na mtu ambaye hatujamjua hadi leo akaandika bei ya kijiko cha mbegu za sagaa. Tuliyaingiza yote katika nakala ndefu, tukaipiga chapa, na kila nyumba ikapata yake, ya kwanza ikienda kwa wajomba.