Udaktari Marekani: uanzie chuo gani?

Maswali ya safari hii yametoka kwa wazazi na wanafunzi wanaowazia udaktari Marekani, ambako mtu humaliza kwanza shahada ya miaka minne, kisha ndipo aombe miaka mingine minne ya udaktari wenyewe.

Binti yangu anatafuta chuo chenye shahada ya primedi, hatuioni popote. Tunakosea wapi? (Mama, Columbus, Ohio)

Vyuo vingi havina, mama. Primedi ni mkondo tu, yaani masomo ambayo vyuo vya udaktari vinataka uwe umeyamaliza. Kwa kawaida ni mwaka mzima wa baiolojia, wa kemia ya jumla, wa kemia ya kikaboni na wa fizikia, yote na maabara zake. Juu yake kuna baiokemia, hisabati au takwimu, na uandishi wa Kiingereza. Saikolojia na sosholojia hazidaiwi kila mahali, lakini MCAT, mtihani wa kuingilia unaosahihishwa kati ya 472 na 528, unaziuliza. Shahada yenyewe yaweza kuwa kemia, baiolojia, hata historia. Baiolojia inapendwa kwa kuwa mengi ya masomo hayo yamo humo tayari. Upendeleo wa kuingia haileti.

Chuo kimoja kinajitangaza kwamba asilimia 90 ya waombaji wake hupata udaktari. Si tuchukue hicho? (Baba, Dallas)

Subiri kidogo, mzee. Nchi nzima, wanaopata nafasi katika vyuo vya MD (shahada ya udaktari) kila mwaka ni chini ya nusu ya walioomba. Hiyo 90 lazima ina namna ilivyopikwa. Vyuo vingi vina kamati inayomwandikia mwombaji barua ya pamoja. Baadhi ya kamati humnyima barua mwenye alama za kutia shaka, au humshauri asiombe mwaka huo, naye haonekani kwenye hesabu. Wengine walishauacha mkondo mwaka wa pili, kemia ya kikaboni ilipowashinda.

Mkitembelea chuo, uliza kwa mfuatano: walioanza wakitaka udaktari walikuwa wangapi? Waliofika kuomba ni wangapi? Barua hunyimwa mtu akiwa na GPA (wastani wa alama, juu kabisa 4.0) gani? Asilimia hiyo ni ya MD peke yake, au wamechanganya na vyuo vya visiwa vya Karibi? Mshauri mzuri anazo namba hizo. Akikupa kipeperushi, mshukuru, endelea na safari.

Wala usitishwe na ukubwa wa jina. Xavier University of Louisiana, chuo kidogo cha Kikatoliki mjini New Orleans, kwa miaka mingi kimekuwa kati ya vinara wa kupeleka wahitimu Weusi kwenye udaktari, na wengi wa wasomaji wetu hawajawahi kukisikia.

Nikipata C, si nitarudia somo ifutike? (Mwanafunzi, Minneapolis)

Chuo chako kinaweza kuifuta. AMCAS, mfumo ambao vyuo vingi vya MD hupokelea maombi, haifuti. A ni pointi 4 kwa kila krediti (kipimo cha uzito wa somo), C ni 2. Tuseme una krediti 30 zote za A: pointi 120, GPA 4.0. Somo la krediti 4 likikupa C, unakuwa na pointi 128 kwa krediti 34, sawa na 3.76. Ukilirudia ukapata A, ni 144 kwa 38: 3.79. Krediti nne zaidi, ada ya pili, na umepanda kwa 0.03. AMCAS pia hutoa GPA ya pekee ya baiolojia, kemia, fizikia na hisabati, na huko C hiyo inauma zaidi. Kozi za chuo ulizosoma ukiwa bado sekondari nazo huhesabiwa. Ndiyo maana tunasisitiza: ukubwa wa darasa la kemia na saa za msaada wa masomo vitazameni kabla ya uwanja wa mpira.

Kuanzia chuo cha jamii (community college, cha miaka miwili) ni kosa? (Mzazi, Phoenix)

Hapana, na gharama hupungua sana. Ila baadhi ya vyuo vya udaktari hutaka sayansi za msingi zisomwe chuo cha miaka minne, basi akihamia huko achukue sayansi za juu, kama jenetiki na baiokemia, azipate vizuri.

Nimemaliza PCB (fizikia, kemia, baiolojia), niko Arusha. Nianze primedi Marekani? (Kidato cha sita)

Fanya hesabu ya mwisho wa safari kwanza, kijana. Vyuo vingi vya udaktari huko havipokei mtu asiye raia wala mwenye grini kadi, na baadhi ya vinavyopokea hudai uweke benki ada ya mwaka mmoja hadi minne kabla ya kuanza. Mikopo ya serikali ya shirikisho haikuhusu. Njia nyingine ni kusoma MD nyumbani, miaka mitano na mmoja wa intanshipu, kisha kufanya mitihani ya USMLE (ya leseni ya udaktari Marekani) na kupata cheti cha ECFMG, shirika linalowathibitisha madaktari waliosomea nje ya Marekani, ili uombe mafunzo ya ubingwa Marekani. Ukiamua kwenda mapema, fungua tovuti ya kila chuo cha udaktari unachokitamani, usome sehemu ya waombaji wa kimataifa leo, kabla hujalipa ada yoyote ya maombi.