Swali: Nilikunywa dawa ya miti vidonda vikakauka, mbona vimerudi?

"Daktari shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 27, niko Likoni. Mwezi wa tano nilitoka malengelenge sehemu za siri, hospitali wakaniambia ni herpes na haina dawa ya kuimaliza. Nikapelekwa kwa mzee wa dawa za miti, nikalipa elfu nane, akanipa chupa mbili za kusafisha damu na kweli wiki mbili hivi kukawa kukavu kabisa. Sasa imetoka tena palepale. Mchumba wangu ndo kaniambukiza upya ama dozi haikutosha? Mzee asema niongeze chupa. Harusi ni Disemba."

Marahaba dadangu. Chupa usiongeze, hiyo elfu nane nyingine iweke ya harusi. Na mchumba usimgombeze kwa hili, kutoka tena palepale si dalili ya kuwa mtu kakuletea ugonjwa mpya, ni virusi vilevile vya mwezi wa tano.

Sasa hili jambo la "ilikauka kwa hivo nilipona" nalisikia kila siku kliniki na lanichoma roho. Kidonda cha herpes hukauka chenyewe. Mara ya kwanza chaweza kukaa wiki mbili mpaka nne, vidonda vikirudi huwa vyepesi zaidi, wiki moja ama siku kumi zimeisha, hata kama hukutia kitu mdomoni isipokuwa uji. Yaani huyo mzee angekupa maji ya dafu vidonda vingekauka wakati uleule, mwili wako ndo uliofanya kazi yeye akala pesa. Na ndio sababu ana mashahidi wengi wa kuapa kwamba amewatibu, manake kila aliyekwenda kwake alikauka kweli, hakuna anayemfuata baada ya miezi mitatu kumwambia imerudi, watu waona haya.

Nimeletewa hizo chupa, naletewa sana. Chupa ya soda, haina karatasi yoyote, ndani maji ya kahawia yamefanya tope chini, na maelezo ni kifuniko kimoja asubuhi kimoja jioni. Ukiuliza ni mti gani huambiwi. Mtu mwenye shida ya figo ama mwenye mimba akinywa hicho kitu nani atajua amekunywa nini?

Halafu hiyo kusafisha damu yenyewe, hebu fikiria. Ngozi ikishakauka virusi huwa tayari vimepanda na neva, yaani mishipa ya fahamu, mpaka kwenye vifundo vya neva karibu na uti wa mgongo, sehemu ya chini ya mgongo, vikalala humo. Vya mdomoni vyaenda kulala kichwani, ndo vile mtu akipata homa kidogo mdomo wafura malengelenge na mtaani wasema ni malaria inatoka. Kwa hivo kuosha damu ni kumsaka mwizi sebuleni na yeye yuko darini. Ukichoka, ukiumwa, ukiwa na mawazo mengi, wengine wakikaribia hedhi, vyashuka tena na neva ileile, basi vyatokea palepale.

Dawa yetu pia haivitoi, siwezi kukudanganya. Asaiklovia yazuia virusi visizaane tu, na ukitaka ikusaidie ianze mapema, siku ileile unapohisi kuwasha na kuchomachoma kabla lengelenge halijatoka. Wakati wa kurudi kawaida ni miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku 5. Ikiwa yakurudia mara kwa mara daktari aweza kukuanzishia ya kila siku, 400 asubuhi na 400 jioni, hiyo hupunguza sana kurudi. Lakini uandikiwe, usijinunulie tu.

Wengine wajanja zaidi, hao wa kwenye simu, hukwambia "nenda kapime damu, ikija negativu umepona". Kipimo cha damu hutafuta kinga ambayo mwili umeitengeneza na hiyo kinga ukishakuwa nayo haiondoki kwa chupa, tena mwanzoni yachukua wiki kadhaa kuonekana kwa hivo mtu aweza kupima mapema ikaja negativu na anao. Kipimo kizuri ni kupanguswa majimaji ya lengelenge likiwa bichi, ndo nawaambia watu njooni kidonda kikiwa bado kibichi, msije kimeshakauka.

Mchumba mwambie kabla ya Disemba. Najua ni kizito, lakini aweza kuwa alikuwa nao tangu zamani bila kujua, na wewe pia, watu zaidi ya milioni 500 duniani wa miaka 15 hadi 49 wana herpes ya aina ya pili, ile ambayo mara nyingi ndiyo ya sehemu za siri, na wengi hawajui kabisa, kwa hivo msianze kutafutana nani alicheza nje. Siku za kuwasha na za vidonda msilale pamoja kabisa. Siku nyingine kondomu yapunguza, haizuii yote, kwa sababu virusi vyaweza kutoka kwenye ngozi hata pakiwa pasafi. Na Mungu akijaalia mimba, mwambie mkunga mapema. Hatari kubwa kwa mtoto ni mama anayeambukizwa mara ya kwanza miezi ya mwisho, lakini hata wewe ukiwa na vidonda siku ya uchungu lazima wajue, waweza kuamua upasuliwe.

Na nyinyi wengine mnaosoma kimyakimya: msipake ndimu, msipake majivu, msipake dawa ya meno, na ile krimu ya steroidi ya kung'arisha uso msiitie huko chini, yaipa virusi nafasi. Sindano za antibayotiki haziui virusi, mnaziuziwa bure. Kinachoniuma zaidi ni miezi mnayopoteza na machupa, manake mwenye herpes ya aina ya pili hatari yake ya kupata HIV ni kama mara tatu ya asiyekuwa nayo, na wengi wanaotoka kwa mzee hawajawahi kupimwa hiyo HIV. Dadangu, wewe na mchumba nendeni mkapime pamoja, mwezi huu.