Wakazi wa jiwe na wiki za kwanza za tangi la maji ya chumvi

Ukinunua mawe hai ya tangi la baharini, thamani yake kubwa imo katika wakazi wake: sifongo, minyoo, konokono wadogo, mwani wa zambarau ulioganda kama ukoko, na bakteria. Ninaishi Marekani, na mawe yangu hutoka Florida. Huko kuchukua mawe ya asili kutoka maji ya serikali kuu kulikomeshwa miaka ya 1990, kwa hiyo wafugaji hushusha mawe ya chokaa baharini na kuyaacha mpaka viumbe wahamie. Inaniuma kuona jiwe la namna hiyo linaoza ndani ya wiki mbili.

Muuaji ni amonia. Wengine hufia safarini, hasa sifongo, maana akitolewa majini hewa hunasa katika vitundu vyake. Mzoga ukioza amonia hupanda, na amonia hiyo humuua jirani aliyefika mzima. Bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, wamo humo humo jiweni, ila huongezeka polepole. Wapo wanaoshauri uiache ipande mpaka ishuke yenyewe. Kwa jiwe kavu, lisilo na viumbe, sawa. Kwa jiwe hai nakataa kabisa.

Andaa maji mapema: maji ya chumvi yenye uzito wa 1.025 ukilinganisha na maji matamu, joto nyuzi 25 au 26, pampu zenye nguvu. Mawe yakifika, yanuse. Jiwe zima hunuka bahari. Penye harufu ya yai viza kuna kilichokufa. Sugua hapo tu kwa mswaki, ndani ya ndoo ya maji ya chumvi, kamwe si ya bomba. Kisha pima amonia kila siku, na ikionekana badilisha robo ya maji, hata nusu. Maji yanayopungua kwa mvuke yafidie kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi yenyewe haivukizi.

Minyoo wenye vinywele wanatisha watu bure. Waache, ndio wanaokula mizoga. Usiwashike tu kwa mkono mtupu, vinywele vyao huchoma. Ninayemwondoa ni aiptasia, anemoni mdogo wa kahawia, nami simkwangui, kwa kuwa kila kipande chake huota upya. Hufa ukimdunga maji ya chokaa kwa sindano.

Samaki wasubiri hata baada ya amonia na nitriti kufika sifuri. Vikamba vidogo vya jiweni vinahitaji wiki kadhaa za kuzaana kabla hajaingia wa kuvila.