Sijagonga mtu, je kuchati nikiendesha gari ni dhambi?

SWALI: Assalaam aleykum warahmatullah sheikh wetu. Mimi ni kijana wa miaka 21, naendesha Probox ya ami yangu, napeleka bidhaa za madukani kutoka Mombasa mpaka Malindi na kurudi. Kazi yangu yote iko kwa simu, wateja wanatuma oda kwa WhatsApp nikiwa njiani na usipomjibu mtu saa hiyo hiyo anachukua kwa mwingine. Kwa hivyo najibu huku naendesha, nishazoea, na alhamdulillah sijawahi kugonga hata kuku. Sasa mwezi uliopita rafiki yangu niliyesoma naye aligonga mtoto akiwa anaandika meseji, mtoto akafariki. Wazazi wa mtoto wamesema wamesamehe, na watu mtaani wanamwambia hiyo ni kadari, siku ya mtoto ilikuwa imefika. Lakini yeye halali usiku. Nauliza, mimi nina dhambi na sijadhuru mtu? Yeye ana kafara na ashasamehewa? Na mamangu akinipigia niko barabarani nisipopokea si nitakuwa nimemuasi, manake nakumbuka kile kisa cha Jureij.

JIBU: Waaleykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh. Mwanangu nimelisoma swali lako mara kadhaa, na namuomba Allah amrehemu yule mtoto na awape subira wazazi wake.

Nianze na wewe kabla ya mwenzio. Ndiyo, una dhambi, na dhambi hiyo haingoji ajali. Ukishainua simu ukaanza kuandika na gari inakwenda ushaingia katika jambo la haramu, hata ufike Malindi salama ushushe mzigo ulipwe pesa yako. Nyinyi vijana mnahesabu dhambi kwa damu, hakuna damu hakuna dhambi, na sharia haihesabu hivyo. Mtu akirusha mawe sokoni katikati ya watu na yasimpate yeyote, utasema hana makosa kwa kuwa alikosa? Allah amesema katika Suratul Baqara aya ya 195 tusijitupe wenyewe katika maangamizo, na hapo makatazo ni ya kule kujitupa. Na Mtume (SAW) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Wewe unaiweka nafsi yako na nafsi za watu mahali pa kudhurika kwa hiari yako, kila siku, kwa sababu ya oda ya katoni mbili za sabuni.

Unasema umezoea. Hebu tazama hayo mazoea yako yanavyokwenda. Uko baada ya Mtwapa, gari iko kwenye 80, simu iko pajani, inaingia meseji "leo kuna unga?" Unainamisha kichwa, unasoma, unaandika "upo, mifuko mingapi", unainua kichwa. Sekunde 5 tu. Kwa mwendo wa 80 kila sekunde gari inakula mita 22, kwa hivyo umekwenda kama mita 110 hujui mbele kuna nini, na ile barabara unaijua mwenyewe, boda zinajitokeza kutoka vichochoroni bila kuangalia, kina mama wana meza za matunda pale pale ukingoni, na wakati wa alasiri watoto wa madrasa wanavuka na majuzuu kifuani wakikimbizana. Mtoto hana habari kama wewe unaandika. Yeye ameona gari iko mbali akadhani dereva amemuona.

Na mtu asinambie anaweza kufanya yote mawili pamoja. Mwanzoni mwa Suratul Ahzab, aya ya 4, Allah anatwambia hakumuwekea mtu yeyote nyoyo mbili ndani ya kifua chake. Aya ina sababu yake ya kushuka na wafasiri wameieleza, lakini kila nikiona kijana ameshika usukani kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine naikumbuka, manake una moyo mmoja tu, ukiwa kwa mteja haupo barabarani. Shirika la Afya Duniani nalo linasema dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya kupata ajali mara 4 hivi kuliko asiyetumia, na kwamba hata ile ya kuweka sikioni bila kushika si salama sana kama watu wanavyodhani. Na linasema ajali za barabarani ndizo zinaongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 mpaka 29 duniani, yaani wewe, rafiki yako, na yule mtoto, nyote mumo humo.

Kuna hadithi moja ya Bukhari na Muslim natamani kila anayechukua DL, yaani leseni ya udereva, aisome kwanza. Mtume (SAW) aliwakataza masahaba kukaa barazani njiani, wakamwambia hatuna budi, pale ndipo tunapozungumza. Akawaambia basi kama hamna budi ipeni njia haki yake. Wakauliza haki yake ni nini, akataja kuinamisha macho (na macho hapo ni kuyazuia na haramu, si kuyashusha kwenye kioo cha simu!), kuzuia udhia, kujibu salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Sasa ikiwa mtu aliyekaa tu barazani njia inamdai, vipi mwenye chuma cha zaidi ya tani moja kinachokwenda mbio? Haki ya kwanza inayokudai wewe ni kuzuia udhia.

Wengine husema sheria za trafiki ni za serikali, hazina uhusiano na dini. Si kweli. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Brunei mwaka 1993 likalizungumza suala la ajali za magari na likapitisha kwamba kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu kisharia, kwa kuwa zinalinda maslahi na roho za watu. Na hapa Kenya kushika simu gari ikitembea ni kosa, faini yake shilingi 2,000. Wewe ulipochukua DL ulikubali masharti, na Waislamu wako juu ya masharti yao. Kwa hivyo usifurahi kwamba leo hakukuwa na askari pale daraja la Kilifi.

Sasa la wateja. Najua njaa iko na najua ami yako anataka hesabu jioni, silichukulii kwa wepesi. Lakini Mtume (SAW) ametufundisha kwamba nafsi haifi mpaka ikamilishe riziki yake, basi mcheni Allah na mtafute kwa njia nzuri. Yule aliyechukua unga kwa mwingine kwa sababu ulichelewa dakika 20, ule haukuwa wako. Na kuna njia za kawaida kabisa, hiyo WhatsApp ya biashara ina jibu la otomatiki, andika hapo "niko barabarani, nitajibu nikisimama", kisha jiwekee vituo, Mtwapa unasimama, Kilifi unasimama, unajibu oda zote umetulia, unapiga na swala yako ukikuta wakati umeingia. Mwambie ami yako mapema, na yeye akikulazimisha ujibu ukiwa unaendesha basi hapo hakuna kumtii, hatiiwi kiumbe katika kumuasi Muumba. Wallahi na yeye ana sehemu yake katika dhambi hiyo, na pia yule mteja anayejua kabisa uko kwenye usukani na bado anakutumia alama za kuuliza moja baada ya nyingine, manake Allah amesema tusisaidiane katika dhambi na uadui. Na abiria aliyekaa pembeni yako akakuona ukaandika akanyamaza kwa haya, asinyamaze, aseme "niachie mimi nikuandikie".

La mama. Kisa cha Jureij ni sahihi, kimo ndani ya Bukhari na Muslim, alikuwa mcha Mungu, mamake akamwita naye yuko kwenye swala, akachagua swala yake, mama akamuombea mabaya na yakampata. Wanazuoni kama Imam Nawawi wameeleza kwamba ile ilikuwa swala ya sunna na kumjibu mama kungekuwa bora, angeweza kuifupisha akamwitikia. Sasa wewe kwani nani amekuzuia kumuitikia? Weka indiketa, toka pembeni mahali salama, zima gari, mpigie mama yako uzungumze naye mpaka aridhike. Huko ndiko kuitikia kwa wema. Na kina mama wanaosoma hapa nawaomba sana kwa heshima zote, ukipiga mara ya kwanza kijana hakupokea na unajua yuko safarini, usirudie mara sita mfululizo halafu ukanuna. Muombee dua afike. Mtoto anakupenda na anaogopa hasira zako, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya aipapase simu akiwa kwenye mteremko.

Hayo ya kadari yanayosemwa mtaani yamenisikitisha zaidi kuliko yote. Kifo cha mtoto kimo katika elimu ya Allah, hilo kila Muislamu analiamini. Lakini kadari haikufanywa kuwa mlango wa mtu kutokea akikosea. Sayyidna Umar (RA), khalifa wa pili, alipokuwa anakwenda Sham (nchi ya Syria na jirani zake) akafika mahali paitwapo Sargh akaambiwa kuna tauni, akaamua kurudi na watu. Abu Ubayda akamwambia, unaikimbia kadari ya Allah? Akamjibu ndiyo, tunaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Simu ile kubaki mfukoni nayo ingekuwa kadari. Mnamwambia kijana wa watu "ni kadari" mkidhani mnampoza, na roho yake inajua kuna kitu alifanya, ndiyo maana halali. Kukosa usingizi kwake mimi naona ni heri, ni imani iko hai.

Mpelekee kisa cha Nabii Musa (AS) kilichomo Suratul Qasas. Alimpiga mtu ngumi moja hakukusudia kumuua, akafa. Musa hakusema siku yake ilifika. Alisema hii ni kazi ya shetani, na akasema Mola wangu nimeidhulumu nafsi yangu basi nisamehe, na Allah akamsamehe, aya ya 15 na 16. Mwambie mwenzio aseme hivyo hivyo, asiongeze wala asipunguze.

Ama hukumu yake, hiyo ni kuua kwa makosa, imo Suratun Nisaa aya ya 92. Kuna mambo mawili. La kwanza ni diya, yaani fidia ya damu wanayolipwa warithi, na hiyo wakisamehe kwa ridhaa yao inaanguka, aya yenyewe imesema isipokuwa wakiitoa sadaka. Ahakikishe tu waliosamehe ni warithi wenyewe na si mzee wa mtaa aliyewasemea, na wasiwe wamesamehe kwa kushinikizwa. La pili ni kafara, na hii ni haki ya Allah, haisamehewi na mtu hata familia nzima ikimkumbatia. Ni kumuacha huru mtumwa muumini, na asiyepata, na leo hakuna, afunge miezi miwili mfululizo. Juu ya hayo ana toba ya ule uzembe wenyewe wa kuandika akiendesha, kwa kuwa pale hakukosea, pale alikusudia.

Miezi miwili mfululizo maana yake akila siku moja bila udhuru anaanza upya, na nia ni ya kila usiku. Kwa hivyo asianze ovyo. Akianza Shaaban Ramadhani itamkatia, na akianza mwezi unaotangulia Mfunguo Tatu (Dhulhijja) atakutana na Idi ya kuchinja na masiku matatu baada yake ambayo hayafungwi. Mfunguo Nne (Muharram) na Mfunguo Tano (Safar) hazina kizuizi. Akianza siku ya kwanza ya mwezi anahesabu kwa mwandamo hata mwezi ukiwa wa siku 29, akianza katikati ule mwezi wa kwanza ataukamilisha siku 30. Kama ana maradhi ya kumzuia kufunga aje tuzungumze, hapo wanazuoni wana maneno na yanataka kujua hali yake. Na wewe rafiki yake mfuturishe siku unazoweza.

Wallahu aalam.