Maswali na majibu: Simu ya kwanza ya mtoto wa sekondari

Likizo zikikaribia, barua za wazazi kuhusu simu huongezeka. Tumechagua tano, ikiwemo moja ya kijana mwenyewe.

Habari za kazi. Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Nimeweka akiba Sh 250,000. Dukani naambiwa ipo simu mpya ya RAM 8 kwa bei hiyohiyo. Jirani naye ananishauri nichukue mtumba wa Dubai wenye kamera nzuri. Nichukue ipi? – Mama wa Morogoro

Mama, hiyo RAM 8, yaani GB 8 za kumbukumbu ambayo simu hufanyia kazi, isikubabaishe. Soma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa boksi. Mara nyingi utakuta imeandikwa 4+4, na alama ya kujumlisha ni ndogo kuliko tarakimu zenyewe. Nne za kwanza ndizo RAM. Nne za pili zimekopwa kwenye hifadhi ya ndani, ambayo ni ya polepole mno kulinganisha na RAM halisi. Zinasaidia kidogo programu ulizoziacha nyuma zisijifunge, basi. Inayoumiza zaidi ni ile ya 2+2 inayouzwa kwa jina la RAM 4. Omba simu iwashwe, ingia Mipangilio, shuka hadi Kuhusu Simu, utaiona RAM ilivyogawanywa. Muuzaji akikataa kufungua boksi kabla hujalipa, nenda duka la pili.

Kwa fedha yako tafuta RAM 4 ya kweli na hifadhi ya GB 64, katika matoleo ya kuanzia ya itel, Tecno, Infinix au Redmi. RAM 3 inavumilika. Hifadhi ya GB 32 ikatae hata ukipunguziwa bei. Mfumo na programu zilizokuja na simu hula kama nusu yake, kisha magrupu ya WhatsApp ya darasa, yenye picha za notsi na mitihani ya miaka iliyopita, humaliza kilichobaki. Hifadhi ikijaa simu haizimiki. Inakuwa nzito, kamera inagoma, WhatsApp inakataa kupakua, na mtoto anaanza kufuta notsi ili abaki na video. Kadi ya memori hubeba picha na nyimbo, lakini programu nyingi hung'ang'ania ndani. Kuhusu betri, 5000 mAh ndiyo kawaida ya daraja hili, usilipie nyongeza kwa ajili yake. Ukiona neno Go kwenye maelezo ya Android, hilo ni toleo lililopunguzwa uzito kwa simu za RAM ndogo, si kasoro.

Kabla ya kulipa, piga *#06#. Itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15; simu ya laini mbili hutoa mbili. Zilinganishe na zilizo kwenye boksi, kisha tuma moja kwa meseji kwenda 15090. Jibu hutaja aina ya simu. Ukiambiwa aina tofauti na uliyoshika mkononi, irudishe kaunta. Mwezi Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilizima simu bandia nchi nzima, na waliokuwa wamezinunua kwa bei ya chee walibaki na vioo vya kujitazama. Dai risiti ya EFD, na muuzaji aandike IMEI juu yake. Simu ikiibiwa, hiyo ndiyo namba utakayoipeleka polisi kuchukua RB (namba ya taarifa ya tukio) na kwenye mtandao ili ifungiwe.

Mtumba si dhambi, ila una mitego yake, na yote hukaguliwa palepale dukani. Wa kwanza ni akaunti ya Google ya mwenye simu wa zamani. Mwambie muuzaji aifute simu kupitia menyu ya recovery, inayofunguliwa kwa vitufe simu ikiwa imezimwa, siyo kupitia Mipangilio, kisha aiunganishe na intaneti mbele yako. Ikidai barua pepe au mchoro wa mtu aliyeitumia kabla, achana nayo. "Fundi atakutolea" maana yake tatizo limehamia kwako. Wa pili ni simu ya mkopo iliyouzwa kabla deni halijaisha: ikishaunganishwa huandika kwamba inasimamiwa na kampuni fulani, na kampuni hiyo ina uwezo wa kuifunga kutoka mbali siku yoyote.

Wa tatu ni tachi. Shika alama ya programu moja kwa kidole, iburute polepole juu ya kioo chote, kona hadi kona, mistari iliyokaribiana. Mahali inapoponyoka yenyewe, tachi imekufa hapo. Kioo kilichobadilishwa kwa bei rahisi mara nyingi hufia pembeni, kwenye herufi P na Q za kibodi, na hutaligundua hilo kwa kutazama picha tu.

Wa nne ni masafa. Ingiza laini yako uone kama 4G inashika. Mitandao yetu hufikisha 4G mbali kwa masafa ya chini ya 700 na 800 MHz, na simu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kukosa vipande hivyo tunavyotumia huku. Mjini itashika vizuri. Mkienda kwa bibi kijijini itarudi 2G. Kwa simu ya kwanza ya mtoto, sisi tungechukua mpya yenye waranti, kamera ya wastani, na salio la fedha tungenunua kava ngumu na protekta ya kioo siku hiyohiyo.

Kijana wangu wa miaka 15 namnunulia kifurushi cha Sh 1,000 kila siku. Saa sita mchana kimeisha, na vocha niliyomwekea kwa dharura nayo haipo. MB zinakwenda wapi? – Baba wa Singida

Zinakwenda kwenye video, ndugu yetu. Saa moja ya video kwa ubora wa 720p huvuka GB 1. Saa hiyohiyo kwa 360p ni karibu MB 300, na kwenye kioo cha inchi sita tofauti yake huioni ukiwa unafuata somo la hesabu. Kupiga kwa sauti WhatsApp ni kidogo sana, makumi ya MB kwa saa.

Kaa naye dakika kumi mbadilishe mambo manne. Kwenye YouTube, chagua ubora wa video unapotumia data ya simu uwe wa kuokoa data. Kwenye WhatsApp, fungua Hifadhi na Data, kisha ondoa alama zote za kupakua picha, sauti na video kiotomatiki. Grupu moja lenye watu 200 laweza kumaliza kifurushi bila yeye kufungua chochote. Kwenye Play Store, weka programu zijisasishe kwa Wi-Fi tu. Mwisho washa Kiokoa Data kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, kizuie programu zisizotumiwa zisinyonye chinichini. TikTok nayo ina kiokoa data chake ndani, kimefichwa kidogo, ila kijana atakipata haraka kuliko wewe.

Vocha ya dharura imeliwa kwa sababu kifurushi kilipoisha data ilibaki imewashwa, ikaendelea kukata salio kwa bei ya kawaida, ambayo kwa kila MB ni kubwa kuliko ya kifurushi. Kwa hiyo mpe kifurushi, usimpe vocha. Menyu za mitandao zina chaguo la kumnunulia mtu mwingine: unaingia kwa simu yako, unaandika namba yake, salio lake linabaki sifuri.

Kisha acha cha siku. Sh 1,000 kila siku ni Sh 7,000 kwa wiki, na kwa kawaida kifurushi cha wiki cha fedha hiyo humpa MB nyingi zaidi ya vile saba vya siku. Mnunulie siku moja isiyobadilika, tuseme Jumapili jioni. Akikimaliza Jumatano, asubiri Jumapili. Wiki mbili za kwanza atalalamika. Ya tatu atakuwa ameshajua 360p ni nini. Cha mwezi bado mapema: kijana akipewa GB za siku 30 kwa mpigo huzichoma wikiendi ya kwanza, na kikomo cha data kilicho ndani ya Android huhesabu kwa mwezi, hakitakusaidia kumgawia kwa wiki.

Unaposoma menyu, angalia MB ngapi ni za saa zote. Kuna vifurushi vinavyonadi GB nyingi, nusu yake za usiku wa manane. Hizo kwa mtoto wa shule ni bora zisingekuwepo. Tazama pia kama dakika ni za mitandao yote au za mtandao huohuo tu, na kama kifurushi hujirudia chenyewe.

Kuhusu mtandao gani, usiulize nani bora Tanzania. Azima laini za majirani, ingia chumba anachosomea, funga mlango, jaribu video saa mbili usiku wakati kila mtu yuko mtandaoni. Bati na kuta za tofali hubadilisha majibu kuliko matangazo yote.

Huku Mombasa kuna bando za kuisha siku hiyo na zile zisizoisha muda. Za mtoto wa Form Two ni zipi? – Mzazi, Kisauni

Safaricom ilianzisha data isiyoisha muda Oktoba 2019, na kwa mtoto anayeshika simu Jumamosi na Jumapili tu ndiyo inayofaa. MB moja hapo ni ghali kidogo, lakini haimfi mkononi Jumatatu. Anayetumia kila siku, bando ya wiki humfaa zaidi.

Mwanangu anasoma bweni Iringa, simu haziruhusiwi. Nimsajilie laini kwa jina lake? Na ikikaa muhula mzima itafungwa? – Mama wa Dodoma

Akiwa chini ya miaka 18 laini husajiliwa kwa alama za vidole za mzazi au mlezi, mama. Kwa hiyo kisheria ni yako: pesa ya simu iliyomo ni yako, na utapeli ukifanyika kwa laini hiyo atakayetafutwa ni wewe. Nenda dukani kwa mtandao wenyewe au kwa wakala mwenye kitambulisho, usimwachie kijana wa mwavuli aguse vidole vyako mara ya pili "kwa sababu haikusoma" bila kuhakiki. Ukitoka hapo piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Namba usiyoitambua, irudi kaunta ikafutwe siku hiyohiyo.

Laini iliyokaa miezi mitatu kimya mtandao unaweza kuifunga, na baadaye namba akauziwa mtu mwingine, ambaye ataweza kufungua WhatsApp kwa namba hiyo. Kila mwisho wa mwezi itie kwenye simu yako, piga simu moja ya kulipiwa, itoe. Likizoni mfundishe jambo moja zaidi: meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" haijibiwi. Inapelekwa 15040, pamoja na namba iliyoituma.

Na usimnunulie simu ya vitufe yenye mfumo wa KaiOS kwa sababu tu ya WhatsApp. Tangu Juni 2024 haipakuliki tena kwenye simu hizo.

Shikamooni. Nina miaka 16. Mama ameniwekea Family Link. Je, anasoma meseji zangu? – Kijana wa Tanga

Marahaba. Hapana. Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, humwonyesha umetumia kila programu kwa muda gani, simu iko wapi, na humpa uwezo wa kukubali au kukataa programu mpya, kupanga muda wa siku na kufunga simu usiku. Mazungumzo yako ya WhatsApp na meseji za kawaida hayaonekani humo, wala picha zako. Anaweza kukupangia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri simu ijifunge, na hata ikijifunga simu za dharura hupigika. Ukihitaji nusu saa ya ziada ya kujisomea, mwombe: anaiongeza kwa siku hiyo pekee kutoka kwenye simu yake, bila kugusa yako.