Nyusi za kudarizi kabla ya harusi: swali la binti wa Lamu

SWALI

Assalamu alaykum, Maalim. Mimi ni binti wa Langoni, hapa Lamu. Inshallah harusi yangu ni Mfungo Saba, Maulidi yakishapita. Nyusi zangu ni haba. Nimezitinda tangu nikiwa shuleni na sasa hazioti sawa. Kuna saluni Malindi wanafanya nyusi za kudarizi: wanachora unywele mmoja mmoja kwa sindano na rangi, inakaa mwaka hadi miwili kisha inafifia yenyewe. Dada wa saluni ameniambia si tatuu, kwa sababu haingii ndani na haidumu. Nimeshatuma shilingi 3,000 za kushikia nafasi, na mchumba wangu amesema nifanye nipendavyo. Je, inafaa? Na mama yangu mdogo, aliyetibiwa saratani mwaka jana na nyusi zake hazikurudi, hukumu yake ni hiyo hiyo? Tena nina rafiki aliyekwisha kuzifanya, anaambiwa udhu wake hausihi mpaka rangi itoke. Nijibu kwa uwazi, Maalim, wala usinikasirikie.

JIBU

Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sikukasirikii, binti yangu. Swali hili la nyusi liliulizwa zamani, na aliyeuliza alikuwa mwanamke kama wewe.

Aliitwa Ummu Yaaqub, wa kabila la Banu Asad, na alikuwa msomaji wa Qur'ani. Ilimfikia habari kuwa Abdullahi bin Masuud, sahaba wa Mtume, radhi za Allah zimshukie, amewataja kwa laana wanawake wanaochanja chale za rangi na wanaotaka kuchanjwa, wanaong'oa nywele za uso, na wanaochonga meno watie mwanya kwa ajili ya urembo, wenye kubadilisha maumbile ya Allah. Akamwendea. Akamwambia: nimesoma yote yaliyo baina ya majalada mawili ya msahafu, wala sikuyaona hayo unayoyasema. Ibn Masuud akamjibu kuwa lau angalisoma kwa kuzingatia angaliyaona, akamtajia aya ya Suratul Hashri: anachokupeni Mtume kichukueni, na anachokukatazeni kiacheni. Mama yule hakuishia hapo. Akasema, naona hata mkeo anafanya baadhi ya hayo. Ibn Masuud akamwambia: ingia ukatazame. Akaingia ndani, akatazama, akatoka hakuona kitu.

Habari hii imo katika vitabu vya Hadithi vya Bukhari na Muslim, na kila nikiifundisha husimama hapo pa kuingia ndani kutazama. Sahaba mkubwa amehojiwa na mwanamke mlangoni kwake, hakumfokea. Alimpa dalili, kisha akamfungulia nyumba. Basi nawe ukiuliza usiombe radhi.

Sasa hizo nyusi. Jina lisitushughulishe. Sisi watu wa Lamu kudarizi tunakujua. Mshona kofia hukaa barazani miezi akitoboa kitambaa tundu kwa tundu, akizungushia kila tundu uzi mpaka ua litokee. Kazi njema, na riziki ya nyumba nyingi hapa mjini. Lakini huku saluni kitambaa kinachotobolewa ni ngozi ya uso wako, na uzi wenyewe ni rangi.

Tazama Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, alivyoieleza chale iliyokatazwa alipokuwa akiisherehesha Hadithi hii. Amesema ni kuchoma sindano au mfano wake katika mgongo wa kiganja, au kifundo cha mkono, au mdomo, au mahali pengine pa mwili wa mwanamke, mpaka damu itoke, kisha mahali pale pakajazwa wanja au chokaa, pakageuka rangi. Zingatia alivyosema "mahali pengine". Zingatia pia kuwa hakutaja miaka. Hakusema chale ni ile inayodumu mpaka kaburini. Alitaja sindano, damu na rangi iliyotiwa chini ya ngozi. Na nyusi za kudarizi zina yote matatu: kile kisu kidogo anachoshika dada wa saluni kina sindano nyembamba zilizopangwa safu moja kwenye ncha yake. Hukwaruza mstari mwembamba kama unywele, kisha hupaka rangi juu yake ili izame katika mkwaruzo.

Amekuambia haingii ndani. Simdhanii uwongo, huenda ndivyo naye alivyofundishwa. Lakini mpe mfano wa hina. Hina ya mkononi hudumu wiki moja, mbili, pengine ya tatu unabaki wekundu wa kucha tu. Kwa nini huondoka? Kwa sababu hina hupaka rangi ganda la juu la ngozi, na ganda hilo mwili hulibambua na kuotesha jingine muda wote, kwa wiki kadhaa huwa limebadilika. Rangi ya nyusi ingalikaa katika ganda hilo ingaliondoka na hina. Ikiwa inakaa mwaka, imeshuka chini ya ganda, katika ngozi yenye mishipa ya damu. Na jambo jingine: kabla ya kuanza watakupaka dawa ya ganzi. Hakuna bibi harusi aliyewahi kutiwa ganzi ili apakwe hina.

Ama kufifia, wenye kuzifanya hurudi wiki chache baada ya mara ya kwanza ili zikamilishwe, kisha hurudi tena zikianza kupauka. Kwa hiyo jawabu langu kwako wewe, mwenye nyusi haba na afya njema, ni kuwa haifai. Nalisema bila kusitasita. Wako wanavyuoni wa zama hizi waliolegeza katika rangi ya muda isiyopita ganda la juu la ngozi, na hiyo mimi pia naikubali. Hii tuliyoieleza siyo.

Idhini ya mchumba haibadilishi kitu hapa. Kwanza bado si mume. Na hata akishakuwa mume, ruhusa yake ina nguvu katika mapambo yaliyo halali, si katika lililokatazwa na Mtume, rehema na amani zimshukie.

Kutinda umekutaja kwa kupita, nami nitapita. Katika madhehebu yetu ya Shafi wako waliomruhusu mke kwa idhini ya mumewe, na wako waliozuia kwa udhahiri wa Hadithi. Wewe ulianza ukiwa mwanafunzi, hujaolewa. Omba maghufira, uziache ziote kadiri zitakavyoota.

Neno laana linatisha, na linafaa kutisha. Ila lisiwe fimbo ya kupigia watu. Hadithi inalaani kitendo na wenye kukitenda kwa jumla. Haikutupa sisi ruhusa ya kumtazama mwanamke sokoni, tukaona nyusi zake zimekaa sawa mno, tukasema huyu kalaaniwa. Hujui ni wanja, hujui ni ugonjwa, hujui alikwisha tubu lini. Nasema haya kwa sababu nimesikia maneno yanayosemwa harusini, upande wa wanawake, na mengine hufika masikioni mwa wahusika.

Na tusiiache afya. Sindano iliyotumika kwa mwingine huweza kuhamisha homa ya ini na Ukimwi. Rangi zenyewe, hata Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa haijaidhinisha hata moja ya kutiwa ndani ya ngozi kwa urembo. Ngozi zetu nyeusi nazo ni nyepesi kuota makovu ya kuvimba, na kovu la usoni halifichiki kwa buibui. Kisha wataalamu wao huagiza nyusi zisiguswe na maji kama wiki nzima, wengine hadi siku kumi. Siku saba ni sala 35, na katika udhu wetu nyusi huoshwa nywele zake na ngozi iliyo chini yake, hata zikiwa nzito. Mtu afya yake haina kasoro, ajitie udhuru wa maji kwa hiari yake?

Nije kwa mama yako mdogo, na hapa nataka usome polepole, ikiwezekana umsomee mwenyewe.

Hukumu yake si hiyo hiyo. Katika riwaya ya Ibn Abbas aliyoipokea Abu Dawud, chale imetajwa pamoja na hayo mengine, kisha pakatiwa neno: "bila ya ugonjwa". Na ile Hadithi ya Ibn Masuud inasema "kwa ajili ya urembo". Imam Nawawi akaeleza kuwa neno hilo linaonyesha kilichoharamishwa ni kinachofanywa kutafuta uzuri. Ama mtu akihitaji kwa matibabu, au kwa aibu iliyo katika jino na mfano wake, hapana ubaya.

Tena kuna kisa cha Arfaja bin Asaad. Alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za ujahilia. Akajitengenezea pua ya fedha, ikamnukia vibaya. Mtume (s.a.w.) akamwamrisha atengeneze ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume, wewe wajua, lakini mtu huyu hakuwa akijipamba. Alikuwa akirudishiwa sura aliyoumbwa nayo. Hadithi hii imo kwa Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai, na wanavyuoni wameitumia kwa karne nyingi wakizungumzia viungo vya bandia.

Mama yako mdogo aliumbwa na nyusi. Dawa kali za saratani zilizitoa, na zimekataa kurudi. Akiangalia kioo anauona ugonjwa kila asubuhi, na pengine watoto humuuliza. Kumrudishia mstari wa nyusi si kubadilisha maumbile, ni kuyarejesha. Wako waliobaki katika ukali hata kwake, wakisema wanja unatosha. Nawaheshimu. Mimi naona mlango kwake uko wazi, na sitaufunga ambapo riwaya yenyewe imeuacha wazi. Ila aanze na daktari wake, kwa sababu mwili uliotoka katika matibabu hayo huweza kuwa mwepesi kushikwa na vidudu. Nyusi ziwe za kadiri alizokuwa nazo, si za mtindo. Afanyiwe na mwanamke. Na sindano ifunguliwe kutoka pakiti yake mbele ya macho yake, na akishamaliza yeye itupwe. Pindi maji yatakapomdhuru katika siku za kupona, ataosha palipo pazima na atatayamamu kwa ajili ya pale. Aje nyumbani, au amtume mtu, tumuonyeshe namna yake.

Rafiki yako naye ameambiwa maneno mazito na mtu asiyejua. Rangi iko chini ya ngozi, na maji ya udhu hupita juu ya ngozi. Kinachozuia udhu ni kile kinachofunika juu, kama rangi ya kucha au gundi ya kope za bandia. Ni kweli vitabu vyetu vinasema mahali pa chale huingia najisi, kwa damu iliyoganda na rangi, na kuwa huondolewa ikiwezekana. Lakini hivyo hivyo vitabu vikasema akihofia madhara, au aibu kubwa katika kiungo kinachoonekana, hawajibiki kuondoa, na akishatubu hana dhambi. Kuondoa rangi ya usoni hapa kwetu maana yake ni safari na gharama, na mionzi ya leza karibu na jicho, na pengine ngozi kuungua. Simwambii aende. Atubu, asirudi kuzikolezea, aziache zififie. Na sala zake aendelee nazo bila wasiwasi. Ikiwa aliacha kusali kwa ajili ya maneno yale, basi na alipe alizoziacha, na hizo ndizo za kumshughulisha kuliko nyusi.

Wewe mwenyewe nini cha kufanya? Harusi ipo na nyusi ni haba, siwezi kukuambia subira tu kisha nikaenda zangu. Kuna hina. Mwambie somo wako, yule kungwi wa harusi, achuje ile ya majani safi kwa kitambaa chepesi mpaka isiwe na chembe, aikoroge iwe nzito isichuruzike, akupake kwa njiti kufuata mstari wa nyusi zako, aiache, kisha aifute kwa pamba yenye maji. Nywele hushika rangi, na ngozi iliyo chini hushika kidogo kwa siku chache, mapengo yakajaa. Jaribu kwanza nyuma ya sikio siku moja kabla. Usikubali piko karibu na jicho, hata wakikusifia weusi wake. Piko ni rangi kali ya nywele, na tumeona mikono ya maharusi ikifanya malengelenge kwa ajili yake. Siku ya kutolewa nje wanja utamalizia kilichobaki, kwa kuwa pale ni wanawake watupu.

Pesa ulizotuma ni zako. Ijara, yaani mapatano ya kulipia kazi, haisihi kwa jambo lisilofaa, kwa hiyo una haki ya kurudishiwa. Mpigie dada wa saluni mapema, asije akamkatalia mteja mwingine siku hiyo, na umwambie sababu kwa upole, kwa maana naye anatafuta riziki na pengine hakuna aliyewahi kumweleza. Akisema pesa zilizolipwa hazirudi, mwombe akufanyie kwa thamani hiyo hiyo kazi iliyo halali: nywele, au hina ya mikono na miguu. Ikiwa utavuka hadi Mokowe, upande wa bara, kupanda basi la Malindi kwa ajili hiyo, mchukue mama yako mdogo mwende pamoja, aone kwa macho yake sindano zinavyofunguliwa kabla hajaamua lake.

Wallahu aalam.